Mchanga wa Bi Somoe

Mwanamke aliyezaliwa kando ya mto, akaolewa kando ya mto, akafa kando ya mto, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikosa sala hata moja, kwa nini asitawadhe kwa maji? Swali hilo niliulizwa Mbuchi, kijiji chetu kwenye delta ya Rufiji, mbele ya ukoo mzima, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na shahada.

Nyinyi wenzangu mmeniuliza mara nyingi safari ile ilikuwaje, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato kwamba tulikwenda kwenye hitima, tukala ubwabwa, tukarudi. Sasa nawaandikieni yote.

Kwanza mjue tulimfuata nani. Bi Somoe binti Mkumba alikuwa bibi yake bibi yangu, mama wa mama yake. Alikuwa mke wa tatu wa mkulima wa mpunga, na inasemekana alifika katika nyumba ile na mkeka wa kusalia kabla hajafika na chungu. Wake wenzake walimcheka, kisha wakampelekea watoto wao awafundishe kusoma Kurani. Vita vya Majimaji vilimkuta ana kijana aliyekwisha ota ndevu na mtoto wa kike mgongoni. Kijana alikamatwa na askari wa Mdachi, akanyongwa Mohoro. Mtoto wa mgongoni alikua, akamzaa Bibi Zena, mama yake baba yangu.

Tangu vita vile mpaka anakufa, Bi Somoe alitayamamu. Alipiga viganja kwenye mchanga mkavu, akapangusa uso, akapangusa mikono, akasali. Sheria inamruhusu hivyo aliyekosa maji, au mgonjwa ambaye maji yatamdhuru. Yeye alikuwa na Rufiji nzima mbele ya mlango wake.

Kila Shaabani ukoo wetu hukutana Mbuchi kusoma hitima, na majina ya marehemu hutajwa moja baada ya jingine ili waombewe. Jina la Bi Somoe huwa linarukwa. Wazee wa zamani waliona kwamba sala zake zilikuwa batili, na waliofuata wakarithi kuliruka. Bibi Zena alikuwa na maradhi ya moyo, miguu inavimba, na daktari alikwisha kunivuta pembeni. Alitaka kitu kimoja tu: amsikie bibi yake akitajwa, kabla yeye mwenyewe hajawa wa kutajwa.

Mimi sisali. Hilo mnalijua. Nilikwenda kwa sababu mtu wa kumshika mkono alihitajika, na kwa sababu nilitaka kuona watu wazima wakibishana juu ya mchanga.

Mpaka Kibiti

Basi la kutoka Dar lilianza kutoa moshi kabla hatujaimaliza Mkuranga, na kila likipumzishwa wauza korosho walilizunguka kama waliitwa. Tulifika Kibiti jua limekwisha kuwa kali. Bibi akataka kwanza duka la Mhindi ambako baba yake alikuwa akinunua nguo. Duka lipo, na mwenye duka ni mjukuu wa yule wa zamani. Alitoka nyuma ya meza akampa Bibi kiti, akamuuliza habari za watu ambao wote walikuwa wamekufa, na kwa kila mmoja akasema maskini, kwa sauti ileile. Tukanunua udi na ubani, tukaenda kula.

Mama aliyetupakulia wali na kambale wa nazi alikuwa mtu wa maneno. Alipojua tunakwenda Mbuchi, na kwa ajili ya nani, aliweka upawa chini akatoa hukumu yake: mamba. Nani angechutama mtoni alfajiri, peke yake, na mamba wa zama zile? Mchanga haukamati mtu mguu.

Niliipenda hoja hiyo. Ilikuwa safi, haina pepo wala miiko. Nikamgeukia Bibi nimwone atasemaje.

"Mamba walikuwepo kabla ya vita, mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Na kabla ya vita alitawadha mtoni kila siku ya Mungu."

Yule mama akacheka, akaniongezea mchuzi bila kuniomba ruhusa. Akasema msomi kashindwa, basi ale.

Ndundu, ambako hatukutakiwa kufika

Kutoka Kibiti tulipaswa kushuka njiani, mahali barabara ya kuingia Mtunda inapochepuka. Nilisinzia. Bibi, akiamini ananisaidia, alimwita konda akamwambia atushushe kivukoni. Alikuwa na maana ya mahali pa kupandia mashua za Mbuchi. Konda alikuwa kijana mwenye adabu ambaye hakutaka kumhoji mtu mzima. Akatupitisha njia yetu yote, akatushusha Ndundu, kwenye daraja, mahali ambapo zamani magari yalikuwa yakivushwa kwa pantoni.

Bibi alisimama na kifurushi chake cha ubani, akatazama kulia na kushoto. Akauliza kivuko kiko wapi. Konda akanyoosha mkono kwenye ile zege ndefu.

"Ndiyo hicho, bibi. Walikijenga."

Sikuweza kumkasirikia yeyote. Gari la kurudi lilichelewa, tukakaa kwenye kivuli cha kibanda cha muuza mihogo ya kuchoma, mto ukipita chini yetu, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Bibi alikuwa hajawahi kuliona daraja lile. Aliniomba nimpeleke mpaka katikati. Tulikwenda polepole, tukisimama kila alipoishiwa pumzi. Katikati akashika chuma, akatazama upande wa kusini, kuliko Mohoro.

Hapo ndipo aliponisimulia mengi kuliko miaka yote ya nyumbani. Serikali ya Mdachi ilikuwa ikiwatoa watu kwenye mpunga wao kwenda kulima pamba isiyolika. Bi Somoe alilima pamba ya zamu yake, akalima na ya mke mwenzake aliyekuwa mjamzito. Jioni alipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambacho watu wa bondeni hulala humo kulinda mpunga na kujiepusha na mafuriko, akasomesha watoto huku akifukuza ndege. Dawa ya maji ilipofika, ile iliyosemwa kuwa itageuza risasi kuwa maji, aliikataa. Alisema maji anayoyajua ni ya kutawadha na ya kupikia. Mwanawe aliichukua. Hawakugombana. Alimfungia chakula.

Nikamuuliza Bibi: mtoto aliponyongwa, mama yake alisema nini? Alinitazama kama nimeuliza jambo la aibu.

"Alisema kwanza waliobaki wapate chakula. Kulikuwa na njaa. Wewe unadhani watu walikaa kusema?"

Mashamba yalikuwa yamechomwa. Bi Somoe aliwalisha watoto wake na wa wake wenzake kwa ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, ambacho lazima ukikate vipande ukiloweke kwenye maji yanayopita mpaka sumu yote itoke. Asiye na subira huzika watoto. Hakuzika hata mmoja.

Nilifurahi mno kusikia hivyo, na Bibi alishangaa kwa nini. Nilimweleza: utomvu wa ndiga unawasha, mikono yake ilichubuka, maji yakawa yanamuuma, basi akatayamamu kwa ugonjwa. Kisheria ni halali. Kesi imekwisha. Bibi akageuka kutazama barabara. Alisema tu kwamba gari linakuja.

Mtunda

Bodaboda mbili tulizokodi zilifika Mtunda salama, kisha ya Bibi ikakata mnyororo. Fundi alikuwa msibani. Tukakaribishwa kwenye baraza ya nyumba moja ya barabarani, tukapewa mkeka na machungwa yaliyokwisha menywa. Baba mwenye nyumba alikuwa mkulima wa mihogo na ufuta, mtu mzito wa kusema. Mimi nilikuwa bado nimelewa ushindi wangu wa ndiga, nikamsimulia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama yule kijana alikuwa amechukua dawa ya maji. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema basi jambo liko wazi kwa kila mtu wa huku. Waliochukua dawa walipewa miiko, na watu wa nyumbani kwao waliishika miiko pamoja nao. Mama akiambiwa asiguse maji ya mto mpaka mwanawe arudi, hagusi. Mwana hakurudi. Basi naye hakugusa tena.

Alisema hayo kwa huruma, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini niliona Bibi ameacha chungwa mkononi halijaliwa. Sikuelewa mpaka tulipoondoka. Nilimwambia maelezo yale ni mazuri hata kuliko yangu, yana huzuni na yana mantiki.

"Usiyaseme Mbuchi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mgonjwa akitayamamu, sala yake ni sala. Anayetayamamu kwa mwiko wa mganga kamchanganya Mungu na mganga. Hiyo ni shirki. Hapo hata mimi siwezi kumwombea."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla tangu utoto. Jina lingetajwa au lisitajwe kwa sababu moja tu: mwanamke aliyekufa zamani alikuwa na nini moyoni alipoinamia mchanga.

Majini

Mashua ya mota ilitupakia pamoja na mabati, sukari na mbuzi mmoja wa hitima. Maji yalikuwa yakitoka. Tulipita kwenye vijito vyembamba katikati ya mikoko, matawi yakitugusa mabega, mpaka tope likatukamata. Nahodha alizima mota akasema tusubiri maji yajae. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi. Wakatoa mkate wa kumimina na kamba wa kukaanga, wakanigawia bila kunijua.

Nilimuuliza nahodha kama maji haya ni ya chumvi. Akasema kiangazi bahari hupanda hadi ndani sana. Nikaanza kumwambia kwamba labda chumvi ndiyo sababu, na sikuwa nimemaliza aliponiangalia kwa huzuni ya kweli.

"Dada, ingekuwa chumvi inavunja udhu, Mbuchi nzima tungekuwa makafiri."

Abiria wakacheka, na Bibi akacheka nao mpaka akakohoa. Mzee mmoja akamuuliza kama huyu ndiye mjukuu aliyesomeshwa Dar. Bibi akasema ndiye, ila bado hajaiva.

Mbuchi

Mkuu wa ukoo wetu, Babu Mbonde, ni mtoto wa mjomba wake Bibi, wa upande wa mke mwenzake Bi Somoe. Alimpokea Bibi kwa heshima zote, akamwita dada, akamtandikia kitanda chake mwenyewe. Jambo lenyewe likajadiliwa kesho yake asubuhi ukumbini, kabla watu wa hitima hawajajaa. Alikuwepo pia Maalimu wa msikiti, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ndogo.

Babu Mbonde hakuzunguka. Alisema yeye hana chuki na marehemu. Baba yake hakumtaja, na babu yake hakumtaja, nao walikuwa karibu naye zaidi. Akitaja leo, anasema kwamba wote wawili walikosea. Kisha akanigeukia, na hapo ndipo lilipokuja lile swali.

"Haya, msomi. Wewe uliyesoma mpaka vitabu vikaisha. Mwanamke wa mtoni, hakosi sala, kwa nini asitawadhe kwa maji? Tuambie, nasi tutataja."

Nilitaja ndiga. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa kutetea hoja. Watu walinisikiliza, na nilihisi chumba kikiegemea upande wangu. Maalimu alisema kwamba hoja ina uzito. Ikiwa mikono ilikuwa na maradhi, alikuwa na ruhusa, na kwa miaka hii yote sisi ndio tuliomdhulumu. Lakini mimi sikuwepo. Yuko mtu mmoja tu hai aliyemwona. Akamgeukia Bibi.

"Bi Zena, umemwona kwa macho yako akitayamamu. Mikono yake ilikuwa na maradhi?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bibi, bega langu limemgusa. Nikamnong'oneza aseme ndiyo. Neno moja. Nani angeumia? Babu Mbonde mwenyewe, nadhani, alitamani aseme ndiyo, maana alikuwa ameinama akitazama mkeka.

Bibi alivuta kanga yake mabegani.

"Mikono yake ilikuwa mizima," akasema. "Ilinichapa. Naijua."

Kuna waliocheka kidogo, wakaacha. Maalimu akauliza kama aliwahi kumwambia sababu. Bibi akasema alimuuliza mara moja akiwa mtoto, akapewa kipande cha muwa akanyamaza. Maalimu akauliza kama alipata kusikia habari za mwiko. Bibi akasema amesikia watu wakisema, lakini kwa mdomo wake mwenyewe hakusikia, na hawezi kumshuhudia wala kumkanusha.

Maalimu akasema kwamba ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu, na yeye hawezi kumzuia mtu kuomba dua. Jina kutajwa hadharani ni la ukoo kuamua. Babu Mbonde akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna lililobadilika.

Nilitoka nje nikiwa na hasira ya kumpiga mtu. Nilimwambia Bibi kwamba alikuwa nalo mkononi, akaliachia. Akaniuliza ningetaka bibi yake aingie kwenye dua kwa uongo, mtu ambaye hakuwahi kumdanganya yeye hata kuhusu ladha ya dawa?

Hitima ikasomwa. Wanawake tulikaa nyuma ya pazia la kanga. Majina yakaanza, na kila jina likiitwa sauti za wanawake zilipanda zikisema amina. Baba wa Bi Somoe akatajwa. Mume wake akatajwa, na wake wenzake wote. Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameinua viganja vyake kama wengine, na aliitikia kila jina kwa sauti kamili, asipunguze lolote. Baadaye ubwabwa ukaletwa kwenye sinia, akala. Mimi sikuweza.

Kurudi, na baada ya kurudi

Njia ya kurudi haikutuchelewesha popote, kwa hiyo sina la kusimulia. Babu Mbonde alitusindikiza mpaka mashuani akiwa amebeba gunia la mchele yeye mwenyewe, na hakumtazama Bibi usoni. Kwenye basi Bibi alilala begani kwangu. Hakulitaja jambo lile tena. Alifariki kabla ya Shaabani iliyofuata, na mwaka ule jina lake likasomwa Mbuchi, zuri na wazi. Nilikuwepo.

Miaka ikapita. Nikapata kazi, na kazini nikapata rafiki, Rukia, ambaye kwao ni kwenye vilima vya Umatumbi, kusini ya mto. Akanialika hitima ya kwao. Nilikwenda kwa ajili yake, na kwa ajili ya vilima ambavyo sikuwa nimeviona. Tulikaa nyuma ya pazia, kama kule. Msomaji akasafisha koo, akaanza majina, na jina la kwanza alilolitaja lilikuwa Somoe binti Mkumba.

Nilidhani ni jina tu limefanana. Nilimsubiri nyanya yake Rukia amalize chai yake, nikamuuliza huyo ni nani. Akasema si wa ukoo wao. Ni mama mmoja wa delta.

Aliyonieleza ni haya. Wakati wa vita, wazee wao walitoroka vilimani wakakimbilia mtoni, naye Bi Somoe akawaficha kwenye matete pamoja na mwanawe na watoto wake. Kila alfajiri alishuka kijitoni kutawadha, kwa sababu hakuweza kusali bila udhu, hata mafichoni. Ilikuwa kiangazi, na njia ilikuwa vumbi tupu. Asubuhi moja askari waliokuwa wamelala ng'ambo walivuka nyuma yake, wakafuata nyayo zake mbichi mpaka mlangoni mwa matete. Waliwachukua wanaume wawili. Mmoja alikuwa mwanawe. Wa pili alikuwa babu wa ukoo wa Rukia. Wote wawili walinyongwa. Kuanzia siku ile Bi Somoe hakulowesha tena miguu yake kabla ya sala. Wanawake na watoto wa vilimani alikaa nao njaa yote, akiwalowekea ndiga pamoja na watoto wake, mpaka walipopata nguvu ya kurudi kwao kwa miguu.

Nikamuuliza nyanya inakuwaje wamtaje yeye kwanza, kabla hata ya babu yao aliyekufa kwa nyayo zile. Akasema hawakuchagua wao. Aliyeagiza hivyo, na kuwaapisha watoto wake wasije wakaacha, alikuwa mjane wa yule babu.